Hiyo huku haishuki melini

Ami alinitumia sauti ya WhatsApp ya sekunde 11.

Mi nilikuwa nimemtumia picha nne. Gari yangu, Nissan Skyline toleo la R34 ya milango minne, rangi ya fedha, imeegeshwa mbele ya nyumba ninayokaa huku Marekani, majani makavu yameangukia boneti na nyuma yake linaonekana pipa la taka la jirani. Huku ilikuwa saa nane mchana, Mombasa imeshaingia saa tatu usiku, nikajua atakuwa ashatoka kuswali isha na ashakula. Nilitegemea apige simu saa ile ile. Badala yake akaandika, ya mwaka gani hii mwanangu. Nikamjibu, 1999.

Ndo ikaja ile sauti. Mwanzo kimya, nasikia feni ya dari inazunguka, alafu ami akasema polepole: "Tisini na tisa... Hiyo huku haishuki melini, baba."

Basi.

Nimeisikiliza sijui mara ngapi, kazini wakati wa mapumziko, jikoni nikipika, usiku kabla ya kulala, na sasa ni wiki ya sita bado imenikaa kama mwiba wa samaki kooni, ndo nikaona bora niandike.

Buti halidanganyi

Ami amefanya kazi bandari ya Kilindini zaidi ya miaka 20. Hakuwa karani wala ajenti wa klering, alikuwa dereva. Zile meli za magari zinazofungua mlango wa nyuma ukalala juu ya gati, madereva wanaingizwa ndani kwa basi dogo, kila mmoja anatoka na gari yake, wanazipanga, basi linawachukua tena kuwarudisha, hivo hivo mpaka meli iwe tupu. Na siku nyengine akipata kazi ya kupeleka gari Nairobi anaondoka alfajiri na thermos ya chai.

Alikuwa na desturi moja. Kabla hajatazama injini, kabla hajazunguka gari kutafuta mikwaruzo, anafungua buti, anainua kapeti, anatoa tairi ya spea, alafu anapitisha kidole pale chini kwenye ule mduara anakokaa tairi. Akikinusa kile kidole ashajua kama gari iliwahi kuingiwa na maji, kama iliwahi kugongwa nyuma ikanyooshwa, kama kutu ishaanza. Alikuwa akituambia, uso wa gari unaosheka, buti halidanganyi.

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 14, shule zimefungwa, akanichukua safari ya Nairobi na R34 ya milango minne kama hii yangu. Sijui nieleze vipi. Tulipopita Mariakani barabara ikafunguka, ami akaingiza gia ya tatu akakanyaga, sekunde moja hakikutokea kitu, alafu turbo ikaamka na mgongo wangu ukaganda kwenye siti. Ami hakusema neno. Alitabasamu tu, akaachia mafuta, tukaendelea mwendo wa kawaida mpaka Voi tukanywa chai.

Kila akiwasha ile gari kulikuwa na sauti ya mwanamke wa Kijapani inasema kitu kirefu kwa adabu. Nyinyi wa nyumbani mnaijua hiyo sauti, kila teksi iko nayo. Nilimuuliza ami anasema nini, akaniambia anatuombea safari njema.

Mi niliamini hivo miaka mingi sana.

Nane na ishirini na tano

Sheria ya kwetu Kenya ya kuleta gari kutoka nje hamna haja niieleze, isizidi miaka minane tangu gari isajiliwe mara ya kwanza, usukani uwe kulia, ikaguliwe huko huko Japani kabla ya kupakiwa. Kwa hesabu hiyo mwaka 2024 gari iliyosajiliwa kabla ya 2017 haina njia. Na ukiirudisha hesabu nyuma, ile R34 tuliyopanda 2006, kama ilikuwa ya 1999, ilikuwa inatumia mwaka wake wa mwisho. Ingekuja Januari inayofuata wangeikataa. Sikulijua hilo nikiwa mtoto, nimelijua juzi nikihesabu kwa vidole.

Majirani zetu Tanzania hawakatazi, wao wanakutoza ushuru wa uchakavu gari ikishapita miaka minane.

Marekani ni kinyume kabisa. Gari ambayo haikutengenezwa kwa soko la huku haiingii mpaka ifikishe miaka 25, hapo ndo sheria za usalama za shirikisho zinaiachilia. Za moshi zinaachilia mapema zaidi, miaka 21, ila injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Jirani yao Kanada wanangoja 15 tu. Hii sheria ya Marekani mizizi yake ni mwaka 1988, baada ya miaka ambayo dola ilikuwa na nguvu na watu walikuwa wanakwenda kujinunulia Mercedes na BMW Ulaya kwa bei nafuu wanazileta wenyewe, wauzaji wa ndani wakalia, bunge likafunga mlango. Gari za Japani hazikuwa hata kwenye mawazo yao. Ila mlango ukifungwa umefungwa kwa wote, na kizazi kizima cha vijana wa huku kikakua kinaziona Skyline kwenye michezo ya kompyuta tu, hakijawahi kusikia hata moja ikipita barabarani. GT-R za kwanza za R34, zile Skyline kali kuliko zote, zilitoka Januari 1999, kwa hivyo Januari 2024 ilikuwa kama Idi kwao.

Yangu sio GT-R. Hiyo siwezi. Yangu ni 25GT Turbo, injini RB25DET ya lita mbili na nusu, silinda sita kwa mstari mmoja, gia za mkono. Ile ile ya Mariakani.

Sasa fikirieni, gari moja, mwezi mmoja. Kwetu ni mzee aliyepitwa na wakati mara tatu na zaidi, huku ndo kwanza imefikisha umri wa kukubaliwa. Chuma ni kile kile.

Mwezi mmoja

Hapa ndo pagumu, na hapa ndo nilikaribia kukosea.

Niliipata mnadani Desemba 2023 kupitia ajenti wa Japani. Karatasi ya mnada inasema gredi 3.5, kutu kidogo chini, rangi imepakwa tena mlango mmoja. Bei nilikuwa nimeikusanya miaka mitatu, zamu za usiku na zamu za wikendi. Cheti cha kusafirisha nje kinasema gari ilisajiliwa mara ya kwanza mwaka wa Heisei 11, mwezi wa nane. Heisei 11 kwa kalenda ya Kijapani ndo 1999.

Ila sheria ya huku haihesabu siku ya kusajiliwa. Inahesabu siku ya kutengenezwa, na haihesabu mwaka mzima, inahesabu mpaka mwezi. Nikatafuta kwa namba ya chesisi kwenye kumbukumbu za spea za Nissan, ikatoka Julai 1999. Kwa maana hiyo isiguse bandari ya Marekani kabla ya Julai 2024.

Miezi saba ya kungoja, na kila mwezi nalipa ada ya kuegesha kule.

Mwezi wa pili ajenti akaniandikia kwamba kuna nafasi ya meli, wengine wanapeleka tu, watu wa forodha wakiona 1999 kwenye karatasi hawatafuti mwezi. Wallahi nilikaa na ule ujumbe siku nne. Sio kwamba sikujua jibu. Nilijua. Ila pesa ilikuwa imelala Japani, nyumbani paa la dada linavuja na masika yanakuja, mtoto wake ameingia fomu ya kwanza, na mimi niko hapa nalipia maegesho ya gari ambayo sijawahi hata kuigusa, sasa moyo unakwambia iharakishe tu basi ujue moja.

Halafu nikamkumbuka ami. Niliwahi kumuona anarudisha ufunguo wa gari kwa mtu aliyemtaka aseme kilomita zilizosomeka melini zilikuwa chini kuliko alizoziona. Hakubishana naye. Alimwekea ufunguo mkononi, akaenda kukaa kivulini.

Nikamwandikia ajenti: ikae mpaka Agosti.

Sio ushujaa huo, na kama ingekamatwa ningeipoteza, watu wamewahi kuona gari zao zinachukuliwa na serikali na kusagwa kuwa vyuma chakavu. Nasema tu kwamba woga ulikuwepo na ami pia alikuwepo, na mpaka leo siwezi kuwatenganisha nani aliyenizuia.

Paa la dada tulilirekebisha mwezi wa nne. Nililipia nusu, nusu akalipa shemeji.

Karatasi

Hizi nazipitia haraka, anayetaka kufanya atazijua. Kabla meli haijapakia lazima taarifa za mzigo ziwe zimefika forodha, ukichelewa faini inaweza kufika dola 5,000. Kuna fomu ya HS-7 unayotia alama kisanduku cha kwanza, gari ina miaka 25 au zaidi. Kuna ya moshi, 3520-1, unachagua herufi E. Ushuru kwa gari ya abiria mwaka ule ulikuwa asilimia 2.5, pikapu ingekuwa 25, na juu yake vijiada viwili vya forodha na bandari. Mwisho unatoka na fomu ya forodha ya 7501 iliyokamilika, na hiyo ilinde kuliko ufunguo, maana ndo itakayokusaidia kwenye usajili wa jimbo.

Kwenye usajili ndo nilikwama asubuhi nzima. Kompyuta inataka namba yenye herufi na tarakimu 17, gari za Japani hazina hiyo, zina namba fupi ya chesisi inayoanza na ER34. Yule mama wa kaunta akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena, akaniambia hapa zimepungua. Nikamwambia hazijapungua, ndo zote. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, wakaisoma ile 7501 wote watatu wameinama. Saa sita kasoro nikapewa pleti.

Anayeishi California asijaribu bila kuuliza kwanza. Kule wana sheria zao za moshi na R34 inabidi ipitie maabara, gharama yake inaweza kukulaza macho.

Baltimore

Meli ilifika mwisho wa Septemba. Bandari ya Baltimore ilikuwa ishafunguka tena tangu Juni. Mnakumbuka ile tarehe 26 Machi, meli ya makontena iligonga daraja la Francis Scott Key usiku likaanguka, wafanyakazi sita waliokuwa juu yake wakiziba mashimo wakafa. Siku niliyokwenda kuchukua gari nilitazama upande ule, pale palipokuwa na daraja pana anga tu. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo. Walikuwa watu waliotoka kwao kuja kutafuta, kama mimi.

Ndani ya bandari huingii bila kitambulisho chao maalumu, kwa hivyo nikamlipa mtu wa kunisindikiza. Gari ilikuwa kwenye mstari katikati ya matrekta. Vumbi, karatasi yenye namba imebandikwa kwenye kioo, betri imekufa. Tukaiunganisha na betri ya pikapu yake.

Nikazungusha ufunguo.

Yule mwanamke akaongea.

Sauti ile ile, sentensi ile ile, miaka 18 na bahari mbili katikati. Yule msindikizaji akaniuliza kama niko sawa. Sikuweza kumjibu mara moja.

Nikaingia barabarani na kwenye makutano ya kwanza nikataka kupinda, mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye indiketa. Miaka yangu yote huku nimekuwa nikiendesha gari za usukani wa kushoto, na mwaka wa kwanza kila nikitaka kupinda nawasha waipa. Siku ile mkono haukuuliza. FM ya redio yake inaishia 90, kama nyingi zilizotoka Japani, ile shida tuliyokuwa tukinunua ekspanda kuitatua. Kwa hivyo huku napata kipande kidogo tu, 88 mpaka 90, ambacho Marekani wamewawekea redio za umma, za vyuo na za dini. Nimerudi nyumbani nasikiliza mahubiri na muziki wa wanafunzi.

Usiku ule ndo nikatafuta ile sentensi ya yule mwanamke maana yake nini. Ni kile kidude cha kulipia barabara za Japani. Anasema, kadi haijaingizwa.

Taa

Kuna jambo ambalo karatasi zote zile hazikuniuliza.

Wiki ya pili, usiku, barabara ya njia mbili, gari inayokuja mbele ikaniwashia taa kubwa mara mbili. Ya pili yake hivo hivo. Nikadhani nimesahau kupunguza, nikatazama dashibodi, nimepunguza. Nilipofika nikaisogeza mpaka mita saba hivi kutoka ukuta wa gereji, nikawasha, nikashuka kutazama. Mwanga umenyooka vizuri, alafu upande wa kushoto unapanda juu kama mgongo wa paa.

Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Ule mwanga unapanda kushoto ili umulike waenda kwa miguu na alama za pembeni. Huku kushoto ndo macho ya mtu anayekuja.

Nilisimama pale gereji muda mrefu. Kwa sababu sheria imeshaniruhusu, nina pleti, nina bima, hakuna askari atakayenisimamisha. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa, najua kwa nini Kenya inakataa usukani wa kushoto, najua maana ya kukaa upande mbaya wakati wa kupita lori. Sheria ya Kenya inatazama gari itaishi vipi barabarani kila siku na watu. Ya Marekani inaamini gari ya miaka 25 ni chache, itatoka Jumapili na kurudi. Na mimi siitumii Jumapili tu.

Nimezishusha taa chini kadiri skrubu zinavyokubali, nikaweka utepe mweusi pale mwanga unapopandia, usiku naitumia pale tu isipobidi kutoka mjini. Sijaridhika. Bado natafuta fundi wa taa anayeweza kufungua vioo vile bila kuviharibu.

Koili

Novemba ikaanza kukata. Nikikanyaga mlimani, turbo ikishaanza kuvuta, gari inashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Gereji mbili zikanirudisha. Hawakuwa wabaya, ni kwamba mashine zao za kusoma makosa hazina pa kuchomeka, soketi ya Nissan ya Japani ya miaka ile ni nyengine kabisa.

Nikampigia fundi mmoja wa Changamwe, rafiki wa ami. Akasema weka simu karibu na injini. Akasikiliza. "Ukiipeleka pole haikati, sio? Ukikanyaga ndo inakata." Ndio. "Koili hiyo. Zitoe moja moja uzitazame, ukiona yenye ufa, ndo hiyo."

Ilikuwa ya tano, kati ya zile sita zinazopeleka umeme kwenye plagi.

Huyu mtu hataruhusiwa kuingiza R34 Kenya maisha yake yote, na anaijua kuliko watu wote walioko mtaani kwangu. Hilo liliniuma kweli. Sisemi sheria ya miaka minane ni mbaya, nimekulia kwenye moshi wa matatu za zamani na sitaki nchi iwe jalala la kila gari iliyochokwa na wengine. Ila nilipokaa na ile koili mkononi, nyeusi, imepasuka ufa mwembamba kama uzi, ndo nilielewa kwa nini ile sauti ya ami ilikuwa hainitoki. Nilikuwa nimeisikia kama lawama. Kwamba nimekwenda mbali nikachukua kitu ambacho wao wamefungiwa, na pesa zile zingefanya mangapi nyumbani.

Jumamosi iliyopita nikapiga simu ya video nikamuuliza wazi. Ami, ulimaanisha nini siku ile?

Akashangaa. "Siku gani?"

Uliposema haishuki melini.

Akafikiri. "Nilisema huku haishuki. Sikusema isishuke." Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nikiona zimekwisha, baba. Kila mwaka meli zinakuja na hivi vidogo vidogo. Nikiona zile zimekwisha."

Alafu akasogea karibu na simu mpaka nikaona paji la uso tu.

"Hebu fungua buti."

Nikatoka na simu kwenye baridi, nikafungua, nikainua kapeti, nikatoa tairi ya spea. Akaniambia leta taa. Nikaleta. Akaniambia pitisha kidole, sio hapo, chini, kwenye kona. Nikapitisha.

"Nusa."

Nikanusa. Vumbi na mpira.

"Kukavu?"

Kukavu, ami.

"Haya. Rudisha tairi vizuri, ukaze ile nati, isije ikagonga."